Kula Chakula cha Kwetu Uganda: Mwongozo Kamili wa Kununua Sokoni Bila Kubahatisha

Wengi wetu hapa Uganda tunadhani ukishaingia sokoni basi chochote utakachotoka nacho ni cha kwetu, maana kuna mama kakaa na kikapu chake, kuna matope chini, kuna vijana wanaita kasitoma kasitoma, yaani unaona kabisa shamba limehamia mjini. Sio hivyo. Nenda Nakasero uangalie meza moja tu vizuri, utakuta mananasi ya Kayunga yamepangwa pamoja na tufaha za Afrika Kusini na kitunguu saumu cha China, vyote vinang'aa, na muuzaji hana sababu ya kukueleza kama hujamuuliza. Sasa huu mwongozo ni wa kukusaidia kuuliza. Maswali yenyewe ni mawili tu, hiki kimetoka wapi na kimevunwa lini, halafu ujue la kufanya na jibu unalopewa. Naandika kwa yeyote anayeishi Kampala, Jinja, Mbale, Gulu, Arua au mahali pengine palipo na soko karibu, uwe mzaliwa wa hapa au umekuja juzi kutoka Kongo, Kenya au Sudani Kusini.

Na kwa nini ujisumbue? Mimi kwangu sababu ya kwanza ni mkulima. Shilingi unayotoa kwa chungwa la Kumi, ile wilaya ya Teso, inarudi Kumi, inalipa karo na inanunua jembe, ile ya chungwa lililokuja na meli haituachii kitu zaidi ya faida ndogo ya muuzaji. Sababu ya pili ni kwamba chakula kilichovunwa jana kina ladha na kinadumu nyumbani, na ya tatu ni bei, kwa sababu kitu kikiwa kwenye msimu wake hapa hapa hakuna cha nje kinachoweza kushindana nacho.

Hatua ya kwanza: anza na msimu, sio na orodha

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanaandika nyumbani nyanya kilo mbili, karoti, viazi, machungwa, halafu wanaenda kutafuta hivyo vitu hata kama sio wakati wake, wanalipa mara mbili na wanapata kilichochoka. Geuza. Andika tu aina: chakula kikuu kimoja au viwili, cha mchuzi kimoja, mboga za majani, tunda. Jina litapatikana sokoni.

Ili ufanye hivyo lazima uwe na kalenda kichwani. Sehemu za kusini, yaani Buganda, Busoga, magharibi kote, mvua ni mbili kwa mwaka, Machi mpaka Mei halafu Septemba mpaka Novemba na mara nyingine inaingia Desemba kidogo. Kaskazini kule Acholi, Lango, West Nile, ni kama msimu mmoja mrefu kuanzia Aprili mpaka Oktoba hivi. Kwa hiyo maharagwe mabichi na mahindi mabichi ya kuchoma yanajaa kusini kuelekea Juni na tena kuelekea mwisho wa mwaka, na simsim, yaani ufuta, ya kaskazini inakuja mwishoni mwa mwaka. Maembe ya Teso, Lango na West Nile yanaanza kujaza malori Mei na Juni, wakati huo ukinunua juisi ya boksi utakuwa umejipunja tu. Nsenene, wale panzi wa kula, ni Novemba, wanarudi tena Aprili na Mei kidogo. Matooke na viazi vitamu vipo mwaka mzima lakini bei inapanda na kushuka na mvua, na ukiwa mtu wa kwenda sokoni kila wiki utaiona mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Hatua ya pili: jua soko lako ni la aina gani

Kuna masoko ya jumla, Kalerwe ndio mfano mzuri, na Owino ambayo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Malori yanashusha usiku na alfajiri, na ukifika mapema na una nguvu ya kubeba utapata bei ambayo wauza rejareja wa mtaani kwako wanapata. Kuna Nakasero, ambako vitu vinachaguliwa vizuri na unalipia hiyo kazi ya kuchagua. Nakawa na Wandegeya ziko kati ya aina hizo mbili. Halafu kuna yale masoko ya jioni ya kando ya barabara, toninyira mukange, watu wanatandika gunia chini na taa ndogo, hapo ni pazuri kwa mtu anayetoka kazini saa moja na anataka tu mboga ya nakati na nyanya za usiku huo, ila usitegemee kuona vizuri unachonunua, washa tochi ya simu wala usione aibu.

Lakini kama unataka kukutana na mkulima mwenyewe uso kwa uso basi ni gulio, soko la siku moja kwa wiki kwenye vituo vidogo nje ya mji. Kila wilaya inayo, uliza dereva wa boda yeyote siku yake, atakuambia mpaka saa ya kufika. Pale mwanamke anakuja na mikungu miwili na kuku mmoja na mfuko wa maharagwe, hivyo vyote ni vya shambani kwake, na ukimuuliza kimevunwa lini anajibu papo hapo kwa sababu alikivuna yeye.

Mjini pia wapo watu kama hao, sema unatakiwa kujua pa kuwatafuta. Hata kwenye yale masoko mapya ya ghorofa, kama la Mbale, Jinja au Gulu, mtu mwenye mzigo mdogo wa shambani mara nyingi hana kizimba ndani, anakaa pembeni, kwenye ngazi au mlangoni, asubuhi tu, akimaliza anarudi kijijini. Anza na hao kabla hujaingia ndani.

Vibanda vya barabara kuu, kama njia ya Masaka au ya Jinja, ni vizuri kwa nanasi, fenesi, viazi vitamu na mkungu wa ndizi. Angalia tu kitu kisiwe kimekaa juani tangu asubuhi, ingia nyuma ya kibanda uombe kilichowekwa kivulini.

Hatua ya tatu: beba vitu vyako

Kikapu cha ukindu au mfuko mgumu wa nguo, vifuko vidogo vya kitambaa kwa maharagwe na karanga, na chombo chenye kifuniko kwa samaki. Kaveera, yaani mifuko ya plastiki, nyembamba chini ya maikroni 30 zilipigwa marufuku tangu 2009 na bado zimejaa kila meza, na kila mvua ikinyesha Kampala unaziona zimeziba mitaro, kwa hiyo usisubiri serikali, wewe beba kikapu tu. Pesa ziwe ndogo ndogo, noti kubwa asubuhi na mapema inamsumbua muuzaji ambaye bado hana chenji, au lipa kwa simu. Kama unaweza nunua ile mizani ndogo ya kuning'iniza, itakusaidia sana kwenye hatua inayofuata. Na Owino, pochi na simu viwe mbele yako.

Hatua ya nne: salamu kwanza, maswali baadaye

Huwezi kufika kwa mtu mzima ukaanza na bei gani. Msalimie. Oli otya nyabo kama ni Muganda, agandi kama ametoka Mbarara, mulembe kama ni Mgisu, yoga kwa Mteso, apwoyo kwa Mwacholi, na Kiswahili kinasikika masokoni, hasa mashariki, kaskazini na mipakani kama Busia na Malaba, shikamoo mama au habari ya asubuhi mama inafungua mlango vizuri kabisa. Mwenye umri wa mama yako ni mama, mwenye umri wako ni dada au kaka.

Halafu sasa uliza. Viazi hivi vya wapi mama? Akisema Kabale au Kisoro au Kapchorwa, sawa, hizo ni sehemu za viazi mviringo kweli. Akisema tu vya kijijini, uliza kijiji gani. Machungwa, unasikiliza kama atasema Teso, yaani Kumi, Ngora, Serere, Soroti. Tangawizi, Butambala. Mchele, uliza kama ni wa Butaleja, Bugiri au Lira, au ni wa Tanzania au Pakistani, maana yote iko humo humo kwenye magunia yanayofanana. Karoti, kabichi na vitunguu, sikiliza milima ya Elgon. Ukishajua jiografia hii ndogo, muuzaji anajua na wewe unajua, mazungumzo yanabadilika, hata bei inabadilika.

Kitunguu saumu utakijua kwa macho. Cha China ni kikubwa, cheupe, kimekatwa mizizi chini pakawa safi kabisa. Cha kwetu ni kidogo, mara nyingi kina rangi ya zambarau na bado kina mizizi na udongo, kinachosha kumenya lakini harufu yake moja inatosha sufuria nzima.

Kwenye bei, patana lakini kwa kiasi. Mimi simkazi mtu aliyekuja na mafungu matano ya mboga ya dodo mpaka anikubalie kwa machozi. Mwaka 2020 wakati wa kufungiwa kwa ajili ya korona, wauzaji wa chakula waliambiwa wasirudi nyumbani, wakalala sokoni na vyandarua vyao kati ya meza ili sisi tule. Hilo silisahau. Ninachofanya badala ya kupunguza bei ni kuomba nyongeza, ananiongezea nyanya mbili au kiganja cha maharagwe, wote tunaondoka na furaha. Halafu rudi kwa yule yule. Ukimzoea mtu mmoja wa mboga na mmoja wa nafaka, baada ya muda yeye ndiye anakupigia simu, leo kuna uyoga, leo maharagwe mabichi yameingia, na akikuona anakuambia haya ya leo usichukue. Hilo neno la mwisho lina thamani kuliko punguzo lolote.

Hatua ya tano: elewa vipimo

Fungu, tampeko, debe, kilo, gunia, na mkungu. Fungu halina uzito maalumu, ndio maana angalia chini, mara nyingi kubwa ziko juu na ndogo na zilizopondeka zimejificha chini. Tampeko ni kile kikombe cha plastiki, wengine wanakijaza mpaka kinafanya kilima, wengine wameweka kitu chini ndani, kwa hiyo uliza ukione kitupu kwanza. Mizani ya dukani inatakiwa kuwa imekaguliwa na UNBS, shirika la viwango la taifa, na ina stika yao, itafute. Ukifika nyumbani pima fungu lako na mizani yako ndogo, fanya hivyo wiki kadhaa, utajua nani anakupa kilo na nani anakupa robo tatu.

Hatua ya sita: kuchagua chakula kimoja kimoja

*Matooke.* Vidole viwe vimejaa, vya mviringo, kingo zimelainika. Kidole chenye pembe kali bado ni kichanga, kikipikwa kinakuwa kigumu na hakina ladha. Kata kimoja, nyama iwe inaelekea unjano kidogo. Uliza aina kwa jina, nakitembe na kibuzi ni laini na tamu, mpologoma inatoa mkungu mkubwa, na ukiuliza kwa jina unamfanya mkulima aone kuna faida kubaki na aina za zamani. Mwaka 2022 Mganda, Edie Mukiibi, mtaalamu wa kilimo, alichaguliwa kuwa rais wa Slow Food, shirika la kimataifa linalotetea vyakula vya asili, na kazi yake kubwa ni hizi mbegu na aina za asili ambazo sisi wenyewe tunaziacha zipotee. Na usichanganye: gonja ni ya kuchoma au kupika ikiwa imeiva, bogoya na ndiizi ni za kula mbivu, mbidde ni ya pombe, kuna wageni wamenunua mbidde wakapika wakasema ndizi za Uganda chungu.

*Nyanya.* Hapa naomba usikilize vizuri. Nyanya zetu zinashambuliwa sana na ukungu, na wakulima wanapiga dawa aina ya mankozebu, wengine mpaka siku chache kabla ya kuvuna, ndio ule unga mweupe au wa kijani kijani unaouona juu ya ganda. Kuna wanunuzi wanaopenda huo unga, ati ni alama kwamba nyanya itakaa siku nyingi. Usiwe mmoja wao. Chagua zisizo na unga, na hata zikiwa safi osha kwa maji yanayotiririka ukisugua kwa vidole, sio kuchovya tu kwenye beseni, maana dawa hii sehemu kubwa inabaki juu ya ganda kwa hiyo kusugua kunasaidia kweli. Kwa ya kachumbari mimi namenya ganda kabisa. Na mwambie muuzaji kwa nini umechagua hizi, atamfikishia aliyemletea.

*Mboga za majani.* Nakati, bbuga, dodo, sukuma, majani ya kunde ambayo kaskazini wanaita boo, malakwang ile chachu ya kupika na karanga au simsim. Nunua asubuhi, shina likivunjwa litoe sauti. Swali la wapi hapa ni muhimu kuliko popote, kwa sababu Kampala kuna mboga, mayuni na miwa inayolimwa kwenye bonde la Nakivubo, na mtaro wa Nakivubo ndio unaobeba majitaka ya mji kwenda Ghuba ya Murchison, Ziwa Viktoria. Lile bonde linatakiwa liwe kichujio cha maji tunayokunywa wenyewe, na mboga yake inakunywa yote yaliyomo. Tafuta ya Wakiso vijijini, Mpigi, Luwero, Mukono. Au panda mwenyewe, gunia moja la udongo uliochanganywa na samadi, toboa mashimo ubavuni, sukuma na dodo zitakutosha, KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, wana kituo cha kilimo Kyanja ambako unaweza kuona jinsi watu wanavyolima kwenye nafasi ndogo.

*Karanga, mahindi na unga.* Adui ni sumukuvu, inayotoka kwenye ukungu wa nafaka iliyokaushwa vibaya. Inaharibu ini, na kupika hakuiondoi. Sio maneno ya kutishana, Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya hiyo sumu, kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 tu kwa bilioni. Huwezi kuiona sumu yenyewe lakini unaweza kuepuka mazingira yake. Usinunue karanga iliyokwisha kusagwa kama hujui ilisagwa kutoka nini, nunua nzima, chambua moja moja, tupa iliyokunjamana, yenye rangi ya kijani au nyeusi, iliyovunjika, kisha peleka mwenyewe kwenye mashine au twanga. Ukiwa unanunua nyingi fanya jaribio la chumvi: chupa kavu, weka mahindi theluthi moja na chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, tikisa dakika moja, iache itulie, chumvi ikishika kwenye kuta za chupa basi mahindi bado yana unyevu, yaache. Wauzaji wazuri hawakasiriki ukifanya hivyo, wengi watataka uwaonyeshe.

*Maharagwe.* Kwenye msimu wake nunua mabichi, yanaiva haraka na yanakula makaa kidogo, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ukifikiria misitu inavyoisha kwa ajili ya makaa yetu. Makavu yang'ate, lenye kubakiza alama ya jino halijakauka, lililokauka linapasuka. Usichanganye ya zamani na mapya kwenye sufuria moja, hayataiva pamoja. Loweka usiku kucha, mwaga maji. Zipo aina za NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, zenye madini ya chuma mengi, NAROBEAN, zilitoka 2016, uliza kwa muuzaji wa nafaka, hasa kama nyumbani kuna mama mjamzito au watoto, na kula na kitu chenye vitamini C kama chungwa au limau, chai iache kwa baadaye kwa sababu inazuia ile chuma kuingia mwilini.

*Viazi vitamu.* Vile vya rangi ya machungwa ndani, Kabode na Vita, vilitolewa hapa Uganda 2007, vina vitamini A ambayo watoto wetu wengi wanaikosa. Mmoja wa wanasayansi wa kazi hiyo ni Mganda, Robert Mwanga, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu. Yaani kitu ambacho dunia imekipa tuzo, sisi tunakipita sokoni tukitafuta cheupe kwa sababu ni kikavu zaidi. Vipike na mchuzi wa karanga, ile vitamini inahitaji mafuta kidogo ili mwili uichukue.

Viazi mviringo nunua vyenye udongo, vilivyooshwa vinaoza haraka, na chenye ubichi wa kijani kiache, kina sumu. Muhogo uvunje, ndani uwe mweupe bila mistari ya bluu nyeusi, mistari hiyo ni alama kwamba umevunwa zamani, na uliza kama ni mtamu au mchungu, ule mchungu unahitaji kuvundikwa na kukaushwa kwanza ndipo usagwe.

*Samaki.* Kama uko karibu na ziwa nenda mwaloni asubuhi, Ggaba kwa watu wa Kampala, Katosi kwa wa Mukono. Jicho liwe angavu limetokeza, shavu jekundu ndani, ukibonyeza nyama irudi. Sasa hili la ukubwa ni la kila mmoja wetu: sheria inasema sangara asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50, na sato, ngege tunayemwita hapa, chini ya sentimita 28. Beba tepu au jua kiganja chako ni sentimita ngapi. Samaki mchanga ukimnunua unalipia ziwa tupu la mwaka kesho. Na kama unataka chaguo zuri kuliko yote ni mukene, dagaa wetu, anazaliana haraka, ni wa bei ndogo, unamla mzima na mifupa kwa hiyo una kalisiamu. Tatizo lake ni mchanga tu, kwa hiyo tafuta waliokaushwa kwenye chanja au nyavu zilizoinuliwa na sio chini, paka kiganjani usikie kama kuna chembe.

*Matunda.* Nanasi nusa chini kwenye kitako, harufu tamu inatosha, rangi inadanganya. Fenesi, kama mpo wengi nunua zima, paka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kukata, mbegu usitupe, chemsha na chumvi au choma. Parachichi chukua magumu na laini pamoja ili yaive kwa zamu, na ukiwa na haraka yafunge kwenye gazeti na ndizi mbivu moja. Ukwaju wa kaskazini ni mzuri sana kwa juisi na kwenye uji, na watu wa mjini hawauulizii vya kutosha.

*Mafuta, nyama, maziwa.* Haraka haraka: mafuta ya alizeti ya Lira badala ya mafuta ya mawese yaliyoagizwa nje, samli ya Ankole kwa eshabwe, ule mchuzi wa samli, maziwa mabichi lazima yachemke, kuku wa kienyeji ulizia gulioni, na nyama kula kidogo kuliko ulivyozoea na siku nyingine weka karanga au mukene mahali pake.

Hatua ya saba: nunueni pamoja

Mkungu mzima au gunia la viazi ni bei nafuu zaidi lakini familia ndogo itaozesha nusu. Zungumza na majirani wawili watatu, mmoja aende Kalerwe wiki hii, mwingine wiki ijayo, mgawane mizigo na nauli ya boda. Mkishakuwa na kikundi mnaweza hata kuagiza moja kwa moja kwa mkulima, apakie kwenye basi au teksi, mumtumie pesa kwa simu, lakini anzeni na mzigo mdogo mpaka muaminiane, na bei ya usafiri muipatane mapema kabla haijafika stendi.

Hatua ya nane: ukifika nyumbani

Mboga usioshe kabla ya kuweka, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo, mahali pa baridi. Nyanya nje ya friji, kitako juu. Viazi gizani, mbali na vitunguu. Maharagwe na mahindi yaanike siku moja kwenye jua kali kisha yaingie kwenye chombo kisichopitisha hewa kabisa, wadudu wanakufa bila dawa.

Kitu kikizidi, kausha. Teso wanakata viazi vitamu vipande vyembamba, wanaanika, ndio amukeke, ule wa kupondwa ndio inginyo, unakaa miezi, unasagwa pamoja na mtama au ulezi kupika atapa, ugali wao. Bagisu wana malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kidogo tu kwenye karanga kinatosha. Embe pia linakauka vizuri likikatwa jembamba na kufunikwa chandarua dhidi ya nzi.

Matooke yafunge kwenye majani ya ndizi tu, na juu pia weka majani. Kuna tabia imeingia mjini ya kufunika sufuria na kaveera ili mvuke usitoke, plastiki inapata moto na chakula kiko chini yake, acha hiyo. Fungu la majani ni bei ndogo sana na muuzaji yule yule wa matooke anayo, mwambie akuwekee.

Maganda usiyachanganye na takataka. Weka gunia lake, peke yake, bila plastiki ndani. Ukiwa na jirani mwenye mbuzi, ng'ombe wa zizini au nguruwe atayachukua kwa furaha, mara nyingine atakulipa au atakuletea samadi, na ile samadi ndio unaijaza kwenye gunia lako la sukuma.